Shoga yangu kamalizia kitambaa alichokiacha marehemu mama, na mi naumia

Shikamoo Anti. Naomba jina langu lisitoke, sema tu mtu wa Tanga inatosha, maana hawa ninaowaongelea wote wana simu na wote wanasoma.

Mi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38. Tuna kikundi chetu wanawake saba tunakiita kikao cha sindano, kila Jumamosi baada ya alasiri tunakutana kwa mmoja wetu, zamu kwa zamu, tunatandika mikeka kibarazani kila mtu na mfuko wake. Hakuna mchezo wa hela wala nini, ni kufuma na kudarizi na chai ya tangawizi bas. Mwenye mashuka anakuja na mashuka, mwenye vitambaa vya makochi anakuja navyo, ukikwama mwenzio anakukwamua. Na kazi inazunguka kweli Anti, yaani mi mkono wangu wa pindo sio mzuri kwa hiyo pindo zangu nyingi anafuma mwenzangu mmoja, yeye kuunganisha vipande kunamshinda namuunganishia mimi. Mwaka juzi mmoja wetu alipojifungua sisi sita tuliobaki tulimshonea shuka la viraka la mtoto, kila mtu alileta khanga zake zilizochakaa tukakata vipande vya mraba, vya sentimita 20 kila upande, kila mtu saba, jumla 42, af tukakaa Jumamosi tatu kuunganisha. Mpaka leo ule mtoto halali bila lile shuka. Nakuelezea haya ujue kwamba sisi sio watu wa kubaniana.

Mama yangu alifariki mwaka jana mwezi wa nane. Yeye ndo alonifundisha kushika sindano nikiwa darasa la nne. Alipoanza kuumwa alikuwa ananifumia seti ya makochi, vitambaa kumi, disaini ya nanasi ile ya duara, uzi rangi ya krimu. Akamaliza saba. Cha nane kikaishia raundi ya 11, mananasi manane yameanza kupanda ila vichwa bado, na sindano ikabaki imechomekwa kwenye kitanzi cha mwisho vile vile alivyoiweka jioni ile kabla hatujampeleka hospitali. Hakurudi.

Ile sindano Anti, ni ya chuma ile nyembamba, na kwa vile miaka ya mwisho vidole vilikuwa vinamuuma aliizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli pale pa kushikia. Mpira ukawa umechakaa umechukua umbo la kidole gumba chake, kuna kishimo kabisa. Mi nilikuwa naweka kidole changu pale.

Nilikihifadhi kwenye kopo la biskuti, kimefungwa na kisutu chake. Sikuwahi kukigusa zaidi ya kukitoa na kukirudisha. Mwezi wa tatu mwaka huu zamu ilikuwa kwangu, wenzangu wakawa wanamkumbuka mama, nikakitoa kopo nikawaonyesha. Wakalia, mi nikalia, ilikuwa siku nzuri kwa kweli. Sasa kuna mwenzetu, nitamwita Mama Pacha, ndo fundi wetu mkubwa. Akaniomba akachukue akahesabu vitanzi vya lile nanasi maana la mama lilikuwa linakaa vizuri halijikunji, anataka kuiga. Nikampa. Nikampa na kopo lake na sindano yake na bunda la uzi. Sikumwambia chochote, sikuona kama kuna cha kusema.

Wiki mbili baadae tuko kwa mwingine, Mama Pacha akatoa kifurushi kimefungwa kwa karatasi ya zawadi. Akanipa mbele ya watu. Nafungua, kitambaa cha mama kimeisha. Raundi zote, pindo limewekwa, kimefuliwa, kimetiwa wanga, kimepigwa pasi, kigumu kama karatasi na cheupe kuliko kilivyokuwa. Wakapiga vigelegele. Akasema "mama yako sasa kapumzika, kazi yake imeisha." Nikaanza kulia, wao wakajua ni furaha, wakanipiga picha nimekishika, ikaenda kwenye grupu na mioyo na maua. Nikasema asante. Nilisema asante mara mbili.

Nimefika nyumbani nafungua kopo, sindano ipo ila haina mpira. Nikamtumia meseji, kasema ulikuwa unanata na unachafua uzi kautoa katupa, sindano kaisafisha vizuri kwa maji ya sabuni.

Anti sikulala. Na toka siku hiyo sijaenda kikao, Jumamosi tatu sasa, natoa visingizio, mara mtoto ana homa mara nina wageni. Mume wangu anasema mwenzio kakusaidia mbona unageuza wema kuwa ugomvi. Mdogo wangu wa kike yeye kafurahi kweli kweli, anataka nikitandike sebuleni. Na Mama Pacha sio mtu mbaya, wakati wa msiba alilala kwangu siku nne, alipika, aliwaogesha wanangu, hata nguo za mwisho za mama alifua yeye. Ndo maana siwezi kumwambia. Nitaanzaje? Af nasikia kaanza kulalamika kwamba sijui najisikia siku hizi.

Kuna lingine, wamekubaliana kwenye grupu kwamba Jumamosi hii wote waanze seti ya nanasi la mama, kila mtu yake, na Mama Pacha ndo atawafundisha. Nimeiona ile meseji nikaizima simu.

Nimeshika mkasi mara mbili nataka kukifumua kile kitambaa nirudi pale alipoishia mama. Nikaogopa. Je mi ni mtu asiye na shukrani? Nikifumue au nikiache? Na huyu mwenzangu nimwambie au nimeze tu yaishe?

Wa Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya mama na pole ya hili la pili, maana na hili nalo ni msiba japo hakuna aliyekuletea sukari.

Kwanza weka chini huo mkasi. Tutafika kwenye kufumua, na kama ni kufumua utafumua, ila sio kwa mkasi na sio usiku peke yako.

Umeniuliza kama wewe huna shukrani. Mwanangu umesema asante mara mbili ukiwa umeumia, shukrani gani tena mtu anataka. Hapa yapo mambo mawili yametokea siku moja kwenye mkono mmoja: mwenzio kakutendea wema wa kweli, usiku ngapi sijui kakaa na taa anakufumia wewe, na mwenzio huyo huyo kagusa kitu ambacho hakikuwa cha kuguswa. Yote mawili ni kweli. Mumeo anaona la kwanza tu, wewe kwa sasa unaliona la pili tu, na wote hamjakosea mnachokiona.

Mi nafuma toka nina miaka tisa na sasa nina wajukuu, ngoja nikwambie kitu ambacho nahisi unakijua mikononi ila hujakitamka. Kitambaa ambacho hakijaisha hakifanani na kitambaa kilichoisha hata kidogo. Kazi ya kufuma kwa sindano moja inakuwa na kitanzi kimoja tu kilicho wazi, kimoja, vingine vyote vimeshafungwa na vilivyofuatia. Kile kimoja ndo mlango. Mama yako alichomeka sindano pale ili akirudi aanzie hapo. Kwa miezi saba wewe ulikuwa una mlango wa mama yako uko wazi ndani ya kopo la biskuti, na kila ukikitoa ulikuwa unamkuta hapo hapo alipokaa jioni ile. Mwenzio kaufunga. Kaufunga vizuri, kwa upendo, kautia na wanga. Ila kaufunga, na wewe hukuwa umefika huko. Ndo maana lile neno lake kwamba kazi ya mama imeisha lilikuchoma, yeye anakupa habari njema na wewe unamzika mama mara ya pili mbele ya vigelegele.

Na yeye angejuaje? Hili nataka ulitafakari kabla hujamwona. Kwenye kikao chenu kazi inazunguka, umeniambia mwenyewe, pindo zako anafuma mtu mwingine, vipande vyao unaunganisha wewe. Kwa watu wa namna hiyo kazi iliyokwama ni kazi ya kukwamuliwa. Mama Pacha kaletewa kopo zima, kazi, sindano na bunda la uzi lote. Kuhesabu vitanzi unahitaji kitambaa tu, ukimpa fundi na sindano na uzi wake fundi mikono inamuwasha. Simtetei, kuuliza lilikuwa jukumu lake na hakuuliza. Huko Marekani kuna mradi unaitwa Loose Ends, waliuanzisha marafiki wawili wafumaji mwaka 2022, Jennifer Simonic na Masey Kaplan, kazi yao ni hii hii, mtu akifariki au akishindwa kuendelea na akaacha sweta au blanketi au kitambaa katikati, wanatafutiwa fundi wa kujitolea anakuja kukimalizia bila malipo, kisha kinarudi kwa familia. Watu wanalia kwa furaha wakirudishiwa. Kwa hiyo kumalizia kazi ya marehemu ni wema unaojulikana duniani, ila kule ni familia yenyewe inayotuma maombi. Wenye kitu ndo wanaoanza kusema "tuko tayari, tumalizieni." Hapo ndo pameruka kwenu.

Na kumalizia ni jambo zito kwa watu wengi wa sindano. Wasiddi wa Karnataka kule India, ambao wazee wao asili yao ni huku Afrika, wengi upande wetu huu wa mashariki, wana mablanketi ya viraka vya nguo kuukuu wanayaita kawandi, kidogo yanafanana na lile shuka lenu la mtoto ila mwanamke anaanza kushona pembeni anazunguka anaingia ndani mpaka katikati. Pembeni kwenye zile kona nne anaweka vijipande vidogo vimekunjwa pembetatu wanaviita phula, maana yake ua, na wanasema blanketi bila hayo maua liko uchi. Nilipoona picha zake mara ya kwanza nilimkumbuka shangazi yangu wa Muheza, alikuwa anakuachia umfumie raundi ya tano, ya sita, ya saba, ila raundi ya mwisho ukiigusa anakupokonya. Alikuwa anasema kitambaa kinamjua aliyekifunga.

Sasa tufanye kazi.

Kesho asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, watoto wakienda shule, kaa mlangoni na hicho kitambaa. Kigeuze upande wa nyuma. Nataka umtafute mama yako alipoishia. Utampata, hilo halina shaka, maana mikono miwili haifumi sawa hata iweje. Mwingine anavuta uzi, vitanzi vinakuwa vidogo vimesimama, mwingine analegeza vinalala. Mama yako vidole vilikuwa vinamuuma kwa hiyo yawezekana raundi zake za mwisho zimelegea kuliko za mwanzo, utaona. Hesabu toka katikati, moja mpaka 11, af pima kwa rula urefu wa raundi ya 10 na urefu wa raundi ya 13, hata milimita moja utaiona. Angalia na rangi, uzi uliokaa umefumwa mwaka mzima na uliotoka ndani ya bunda hauwi krimu ile ile, kufua kunapunguza tofauti ila haiiondoi yote. Na ukikuta fundo au ncha ya uzi imefichwa nyuma ujue hapo kuna mtu kaunganisha.

Ukipapata, chukua uzi mwekundu na sindano ya kawaida ya kushonea, pitisha huo uzi mwekundu kwenye vitanzi vya raundi ya mwisho ya mama kuzunguka duara zima, taratibu, bila kutoboa nyuzi zenyewe. Af funga ncha zake zisichomoke. Huo uzi ni wa kumlinda mama yako. Hata mtoto akivuta, hata ukija kufumua mkono ukateleza, hakitavuka hapo. Na nadhani, ngoja niseme ninavyoona, ukishauweka utapumua tofauti, kwa sababu sasa hivi unaona kama mama kamezwa na kazi ya mtu mwingine, ukiona mpaka wake kwa macho utajua bado yupo wote, raundi 11, hakuna hata kitanzi kilichopotea.

Usifumue siku hiyo. Nakuomba. Usifumue kabla ya kuongea na mwenzio, maana akija kusikia umefumua kabla hajajua kwa nini, atabeba kidonda ambacho hana njia ya kukielewa, na huyo ni mtu aliyewaogesha wanao siku ya msiba.

Kuongea sasa. Usiandike kwenye grupu. Usitume voisi. Usimtume mdogo wako. Mwite nyumbani kwako katikati ya wiki au mfuate kwake, nyie wawili, na ubebe kopo. Kama kuanza ndo kugumu, anza hivi, yageuze kwa lugha yenu: "Mama Pacha, siku zile nimekaa kimya sio kwamba najisikia, nilikuwa naumwa moyo na sikujua pa kuanzia. Ulichonifanyia najua ni mapenzi, na usiku ulokesha Mungu ameuona. Ila kile kitambaa nilikuwa nakihifadhi hakijaisha makusudi. Pale alipochomeka sindano ndo palikuwa pamebaki pa mama. Nilikosa kukwambia nilipokupa, na wewe hukuniuliza." Bas. Usimwongezee na la grupu na la kulalamika na la picha. Likishatoka hilo moja nyamaza, mwache aongee. Anaweza akajitetea kwanza, mwache ajitetee, mtu akishtuka ndo hivo. Mtolee kitambaa, muonyeshe uzi mwekundu, yeye fundi, ataona mpaka ule kwa sekunde mbili na atajua unasema nini kuliko maneno yote.

La mpira liseme pia. Watu watakwambia kipande cha tyubu ndo nini, we liseme tu, kwamba kulikuwa na kishimo cha dole gumba la mama na ulikuwa unaweka kidole chako pale. Muulize alikitupa wapi. Pengine amekitupa kweli na taka zimeshakwenda, na mimi nadhani ndivyo, nisikudanganye. Kile ndo kitu kimoja kwenye habari yote hii ambacho hakifumuliki. Lia kwa ajili yake. Kulia kwa ajili ya kipande cha mpira hakuhitaji ruhusa ya mumeo wala yangu. Ila usiende kukata tyubu nyingine ukazungushia sindano ifanane, nimeona watu wanafanya hivo na kila wakishika inawaumiza upya kwa sababu kidole kinajua.

Ukishaongea naye ndo ujiulize la kufumua. Mi nikiulizwa moyo wangu, naona ufumue. Nimekaa nalo hili siku nzima. Kama mdogo wako anataka cha kutandika sebuleni, unavyo vitambaa saba vya mama, saba vimeisha kwa mkono wake mwenyewe mama, sebule haitapungukiwa. Hiki cha nane kilikuwa na kazi nyingine. Lakini kama baada ya kuongea na Mama Pacha utajikuta unataka kukiacha kilivyo, uzi mwekundu ukabaki ndani yake uonekane, mama mpaka hapa, rafiki toka hapa, hilo nalo ni zuri sana na usione umeshindwa. Mpe mdogo wako nafasi ya kusema pia, mama ni wenu wote.

Kama ni kufumua fanya hivi. Usianze kikiwa na wanga. Wanga unagandisha nyuzi, ukivuta uzi wa pamba uliofumwa mwaka mzima utachanika nywele nywele na unaweza kukatika. Kilowekee kwenye beseni la maji vuguvugu bila sabuni nusu saa, kiminye kwa taulo usikikamue kwa kukisokota, maji yakiwa meupe kwa wanga mwaga rudia mpaka kisiteleze mkononi. Kiache kikauke kivulini kwenye taulo kimelala. Af ndo utafute fundo la mwisho kwenye pindo, lifungue kwa ncha ya sindano, sio kukata, ukiweza kulifungua bila mkasi uzi unabaki mmoja mzima. Vuta polepole, raundi moja pumzika. Na hapa nina ombi ambalo unaweza kulikataa: mwombe Mama Pacha akae na wewe siku hiyo. Wewe unavuta, yeye anazungusha uzi. Fundi mzuri hafurahii kuona kazi yake inafumuliwa, itamuuma, ila atakuwa yupo, na yeye ndo anayejua alificha wapi ncha zake. Ukifika kwenye uzi mwekundu simama. Kitanzi cha mwisho cha mama kitakuwa kimesimama wazi. Rudisha sindano yake pale.

Kuhusu Jumamosi hii na seti ya nanasi. Disaini ya nanasi yenyewe sio ya mama yako peke yake, inafumwa nchi nyingi na ilishachapwa kwenye vijitabu vya kufumia toka zamani hata mama yako hajazaliwa, kwa hiyo usiende kikaoni na hoja kwamba wanaiba, utashindwa na haitakuwa haki. Kilicho cha mama ni namna yake ya kufanya lisijikunje, zile hesabu zake, raundi ipi anaongeza kitanzi na ipi anaacha. Hizo ulizirithi wewe. Watumie meseji fupi leo, "wapendwa tunaomba nanasi lisubiri kidogo, nitawafundisha mwenyewe nikiwa tayari, Jumamosi hii tuanze na waridi." Hakuna anayehitaji maelezo zaidi ya hapo, ila Mama Pacha mpigie kabla hujaituma asiisome kwenye grupu kama wengine. Na siku utakayofundisha, mwezi ujao au mwakani, fundisha wewe, kwa mkono wako, sindano yako mwenyewe. Ukiona huwezi kabisa kulifundisha liache, kikao chenu kina sindano saba hakitakufa kwa kukosa nanasi.

Halafu kikaoni wekeni utaratibu kidogo, maana hili lililokupata wewe litampata na mwingine. Kila mmoja wenu ana kitu kwenye mfuko ambacho sio cha kumalizwa, mwingine shuka alilokuwa anadarizi mimba ikatoka, mwingine kofia ya mtu aliyeondoka. Kikitoka mfukoni kije na neno lake. "Hiki kuangalia tu." "Hiki nisaidie mpaka raundi ya nane unirudishie." "Hiki kimalizie kabisa nimechoka nacho." Na anayepokea kabla hajachomeka sindano aulize, hata kama ni la mwenzie wa miaka kumi. Lile shuka la mtoto mlifanya hivyo hivyo bila kujua, kila mtu vipande saba, mnajua nani kakata nini na nani anaunganisha, ndo maana hakuna aliyeumia.

Ule uzi utakaotoka kwenye kufumua utakuwa umejikunja kunja kama nywele zilizofumuliwa mabutu. Uzungushe kwenye kipande cha boksi, bila kuvuta sana, uulowanishe kidogo kwa maji safi, uuache siku mbili ukauke hapo hapo. Utanyooka. Weka ndani ya kopo na sindano, na kisutu juu yake. Niandikie ukishaongea na Mama Pacha, nitakuwa naangalia meseji.